Pua ya Kuazima

Kwenye mazishi ya Mwalimu walisoma mahali alipozaliwa, baba yake alikuwa nani, shule alizofundisha na majina ya wajukuu wote. Aliyesoma alikuwa na sauti nzuri ya kanisani na hakukosea hata jina moja. Lakini jiko halikutajwa. Nilikaa chini ya hema, huko kwao magharibi, nikingoja litajwe, mpaka udongo ukaanza kuanguka nikaona kweli wanamzika hivyo hivyo. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, na mama niliyeketi naye akanipa leso akidhani mimi ni wa familia.

Basi hayo ya ukoo yameshasomwa, sitayarudia. Nitasema ninayoyajua mimi, nayo ni ya jikoni.

Tulikuwa majirani Woodley, Nairobi, katika zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Akikaanga kitunguu kwake, njaa naipata mimi kwangu. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, aliyewafundisha mabinti wa watu kupika na kushona, wakiwemo wengi ambao hawakutaka. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Na mtu akisema "hebu muite Mwalimu," hakumaanisha kuna mtoto wa kufundishwa. Alimaanisha jiko lake la gesi limekataa kuwaka.

Alikuja na kiberiti chake kifuani, kimefungwa kwenye kitambaa, na sindano ya kushonea imechomekwa kwenye kola ya gauni. Hakugusa kitu kwanza. Aliomba kiti, akakaa, akauliza, "Mara ya mwisho ulipika nini?"

Ukisema chai, alitingisha kichwa kwa masikitiko. "Majiko ya Nairobi yanauawa na chai," alikuwa akisema. Sisi hapa chai ni maziwa, na maziwa, kwa maneno yake, hayana adabu, hungoja ugeuke. Yakifurika yanashuka kwenye kile kichwa cha duara chenye vitundu ambako moto hutokea, kile tunachokiita burner, yanakauka humo ndani, na kesho yake unabonyeza cheche inalia ta ta ta na moto haushiki. Basi alikiinua kifuniko cha kile kichwa, akakiosha kwa maji moto na sabuni, akavizibua vitundu kwa sindano, kimoja kimoja. Kijiti cha meno alikikataza kabisa kwa sababu hukatikia ndani, na hapo umejiongezea ugonjwa. Kisha alikausha, akarudisha kifuniko na kukizungusha kwa ncha ya kidole mpaka kikae sawa. Kofia ikikaa upande, alisema, moto nao hukaa upande.

Na kama vichwa vyote vimegoma kwa pamoja, hakupoteza sabuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akautikisa, akaangalia kama regulata iliyo kichwani mwake imeshika.

Mwisho, kabla ya kuwasha, alitugeukia wote tuliosimama pale akauliza, "Mnasikia harufu?" Tunanusa kwa bidii kama watoto wa darasani, tunajibu hakuna, Mwalimu. "Haya, washa," anasema. "Kiberiti kwanza, gesi baadaye." Hata jiko lenye cheche yake lilianzishwa kwa kiberiti siku hiyo, kwa heshima.

Mimi alinijua kwa aibu. Tulikuwa tumehamia juzijuzi na mama mkwe alikuwa njiani kutoka nyumbani, safari yake ya kwanza kwangu. Nikaona nisikutwe na lawama, nikalisugua jiko lote kwa maji mengi mpaka likametameta. Likakataa kuwaka. Mwalimu akaja, akakaa, na safari hii hakuuliza nilipika nini. Alitazama ule mng'aro akasema, "Umelinywesha, mama. Lipe muda likauke." Kuku wa mama mkwe nikampikia kwa Mwalimu, na wali pia, tukawa tunapitisha sufuria juu ya ua kama wezi. Mama mkwe hakujua, au alijua akanyamaza. Tangu siku hiyo Mwalimu aliniita Mama Brian, na mimi nikawa mtu wa jikoni kwake.

Msidhani alikuwa mpole. Hakuwa. Kiberiti hakumwazima mtu. Ukimwomba alikupa njiti chache mkononi na kukutazama ukiondoka nazo. Sukari kwake ilikuwa ya kupima na kijiko, na mgeni hakuulizwa. Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wanaume wa mtaa mzima: halitibu jiko kama baba wa nyumba hiyo yumo ndani amekaa tu na simu. Lazima aje ashike tochi. Baba Brian alinung'unika siku ya kwanza, akapiga magoti, akamulika. "Anayekula ajue moto unatoka wapi," Mwalimu akamwambia. Leo mume wangu huyo huyo ndiye fundi wa ploti nzima tunakoishi, na ukimsikia utafikiri alizaliwa na sindano.

Lakini kuna siku nyingine niliyomwona tofauti. Katika nyumba ya mwisho walikuwa wanaishi vijana wawili, wameoana karibuni, yeye mume amepoteza kazi ya mjengo. Msichana akaja kumwita Mwalimu, jiko haliwaki. Tukaenda. Mwalimu akainua vile vifuniko, vyote visafi, havina hata doa la mafuta. Akatikisa mtungi. Akaketi, na hakumuuliza alipika nini mara ya mwisho. Akasema hili jiko lina shida ya kukaa bila kazi, litaletewa mtungi mwingine wa kulijaribia, na lazima lijaribiwe kwa chakula kizito, si maji. Jioni tukapeleka mtungi wake wa akiba, unga, sukuma wiki na kipande cha nyama. Alimsimamia yule msichana akipika, akimkosoa kitunguu, ili aonekane amekuja kukosoa. Tulipotoka aliniambia nisifungue mdomo, na sijaufungua mpaka leo.

Kijana wake wa kiume alikaa Muthangari, katika maghorofa yale yenye walinzi wa sare. Alikuwa mtoto mwema, hilo niseme wazi. Kila Jumapili alikuja baada ya kanisa, akakagua jikoni kwa macho, na kila Jumapili wimbo ulikuwa ule ule: "Mum, kuja tukae. Hii mambo ya gas, at your age, mimi silali." Mwalimu alimkaribisha chakula na kumwambia ale kwanza.

Kwangu alisema ukweli. Kitu kimoja tu alikuwa anakiogopa duniani, na si kifo. Alizika mume kutoka nyumba ile, akalea watoto kwenye jiko lile, na alitaka siku ya mwisho wake awe amejipikia mwenyewe asubuhi. "Siku utakayosikia ninapikiwa, Mama Brian, jua nimekwisha."

Sasa nikikaa nikifikiria, dalili zilikuwepo, ila nani angezisoma. Alianza kuunguza. Siku moja alinipakulia ndengu zilizoshika chini mpaka zikawa chungu, akazila mbele yangu kwa utulivu, nami nikazila kwa adabu. Nikasema moyoni ni uzee. Siku nyingine tulishuka mjini pamoja kutafuta mpira mpya wa gesi. Alikuwa na duka lake moja karibu na River Road, la mzee Singasinga waliyejuana naye tangu mzee huyo akiwa na ndevu nyeusi. Waligombana kila alipokwenda na hakuwahi kwenda kwingine. Mzee akamkunjulia mpira juu ya kaunta akamwambia, "Madam, hii si ile fake. Nusa rubber yake, nusa." Mwalimu akautazama ule mpira, kisha akanisukumia mimi. "Nusa wewe. Mimi pua yangu imeshastaafu." Tukacheka sote watatu. Nikanusa, nikasema ni mzuri.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Nilikwenda kwake asubuhi kuomba sufuria kubwa. Nikapitia mlango wa nyuma, na kabla sijakanyaga ndani gesi ikanipiga usoni. Si harufu ya mbali ya mtungi unaokaribia kwisha. Jikoni palikuwa pamejaa. Mwalimu alikuwa ameketi mezani anachagua mchele, miwani puani, ametulia. Juu ya jiko sufuria ya chai ilikuwa imefurika, maziwa yametiririka yakauzima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Chai yake mwenyewe. Aliponiona alitabasamu, akasimama, akachomoa kiberiti kifuani.

"Karibu, Mama Brian. Wacha nikuwekee maji ya—"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkono wake ndani ya mkono wangu na kile kiberiti kikianguka, njiti zikisambaa sakafuni. Nikafunga gesi, nikafungua madirisha, nikamvuta hadi nje uani akiwa na chembe za mchele bado mkononi. Hakuuliza kuna nini. Alinitazama, akaangalia mlango, akaelewa.

"Imejaa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Imejaa, Mwalimu. Husikii?"

Akakaa kwenye ngazi. "Sisikii kitu. Gesi, maua, choo, mtoto mchanga. Miaka sasa."

Ilianza na mafua makali ya baridi ya Julai, alisema. Mafua yakapona, harufu haikurudi. Mwanzoni aliingoja. Ndipo nikakumbuka "Mnasikia harufu?" na sisi tukinusa kama watoto wa darasani. Tulidhani anatupima. Alikuwa anauliza kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kujua, mwanamke yule aliyeingia nyumba zetu zote na kutibu majiko yetu yote.

Akanishika mkono. Sijawahi kumwona akiomba, hata sukari. "Ukimwambia kijana wangu, jua halitatua nikiwa hapa."

Niliogopa. Ukuta wetu ulikuwa mmoja na watoto wangu walilala upande wa pili. Lakini pia nilikuwa nimeshamsikia akisema siku atakayopikiwa amekwisha, na nilimpenda. Basi nikampa masharti, mimi nikimpa Mwalimu masharti: mtungi utoke nje uani, mpira upitie ukutani, gesi ifungwe kwenye mtungi kila akimaliza kupika, na asiwashe kitu mpaka mtu mwenye pua awe amenusa. Akakubali yote bila kubishana, na hilo lilinitisha kuliko gesi. Kijana wake sikumwambia. Wapo watakaonilaumu. Walaumu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa pua ya Mwalimu. Asubuhi kabla ya kwenda kazini mjini nilipita kwake nikiwa na mkoba begani. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, nguo nadhifu, sufuria iko tayari juu ya jiko baridi.

"Unasikia?"

Nanusa mtungi, naufuata mpira, naingia ndani nanusa vichwa vyote. "Hakuna, Mwalimu."

"Haya, washa."

Jioni hivyo hivyo. Mara nyingine alinizuia kidogo chai ikichemka, akauliza tangawizi imefika wapi, maziwa yananukiaje, nami namweleza, anaitikia kwa kichwa huku amefumba macho. Alisema chai siku hizi ni maji ya moto tu, lakini ikielezwa vizuri inanyweka. Nilichelewa kazini mara nyingi na bosi akanichukia. Sikujali. Ilikuwa heshima kubwa niliyopewa, na nilijua haitadumu.

Haikudumu. Mwenye nyumba wetu akataka nyumba yake ampe bintiye aliyekuwa ametoka kujifungua. Tulitafuta mpaka tukapata Mutuini, nyumba mpya za kupangisha katikati ya mashamba ya watu, boda boda mpaka mlangoni. Nilipomwambia Mwalimu alinipongeza kwa mdomo wote, akasema huko nitapata mboga za bure. Kisha akauliza, kana kwamba si kitu, yule binti anayekuja ni mtu wa namna gani. Nikampeleka kwa yule binti nikawakutanisha. Binti alikuwa na moyo mzuri. Akaahidi kunusa asubuhi na jioni, akabeba mtoto mgongoni akafundishwa pale pale: mtungi, mpira, vichwa.

Haukupita muda mrefu Mwalimu akanipigia simu nikiwa kazini. Hakuwa mtu wa kupiga simu mchana. Nikatoka hadi kwenye korido nikasikiliza.

Asubuhi hiyo binti alikuwa amekuja kama kawaida, akanusa, akasema hakuna. Lakini Mwalimu akasikia sauti yake inatokea puani. "Una mafua?" Binti akasema ni kidogo tu. Mwalimu akamwambia arudi kwake, akamshukuru. Halafu akakoroga sabuni kwenye bakuli, akaenda uani, akafungua mtungi, akaupaka mpira povu kutoka mtungi hadi ukutani, kama alivyotufundisha sote. Pale mpira unapoingia ukutani povu likaanza kufura, likafura tena: gesi ilikuwa inavuja.

"Nikafunga mtungi," akaniambia. "Nikakaa. Nimempigia kijana. Nimempigia mimi mwenyewe, Mama Brian, hakuna aliyenisema."

Nikamwambia mpira unabadilishwa, nitakuja Jumamosi na Baba Brian, mafua yatapona. Nilikuwa naongea haraka haraka. Aliniacha nimalize.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema, "sembuse pua. Mimi ningekubali kuondoka na jiko langu, nimeishi. Lakini kile kitoto cha upande wa pili hakijala hata ugali."

Akakata simu. Nililia kwenye ile korido, watu wa ofisi wakipita na vikombe vyao. Hakuondolewa Woodley na mtu. Alifunga mtungi akajiondoa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikwenda Muthangari na mfuko wa mboga, terere na managu, kutoka Mutuini, mlinzi akanipandisha kwa lifti. Kijana wake alinipokea vizuri, akaniambia kwenye mlango, "Auntie, hajakula poa tangu aje. Labda wewe atakusikia." Alikuwa amechoka machoni, na sikuwa na la kumlaumu. Akatuacha wenyewe.

Mwalimu alikuwa amekonda. Walikuwa wamemwekea kiti jikoni kwa sababu alikataa kukaa kwingine. Lakini kola ya gauni haikuwa na sindano, na jambo hilo dogo liliniuma kuliko kukonda kwake. Jiko la nyumba ile lilikuwa kioo cheusi kilicholala sawasawa na meza, la umeme, halina kichwa, halina kitundu, halina moto. Unagusa kwa kidole linapata joto.

"Unaliona hilo?" akasema. "Juzi nimelimwagia chai. Makusudi. Sufuria nzima, na maziwa. Msichana wa kazi akapangusa na kitambaa, likaendelea." Alicheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. "Haliugui, Mama Brian. Sasa jiko lisilougua linataka mtu wa nini?"

Nikamshika mkono tukakaa hivyo. Akaniuliza habari za Brian, za Baba Brian na tochi yake, za yule binti na mtoto. Nikamwambia mtoto ameanza ugali. Akafurahi kweli, nikaona uso wake wa Woodley kwa muda mfupi. Kisha akasema ana hamu ya chai, lakini si ya msichana, aipike mtu anayejua kuieleza.

Nikasimama. Nikaponda tangawizi, nikatia maji na maziwa, nikaweka sufuria juu ya kile kioo. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unasikia?"

Nikageuka. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama kila asubuhi. Hakuwa amesahau alipo. Alijua vizuri kwamba nyumba ile haina mtungi wala mpira. Alikuwa anangoja.

Nikainama juu ya kioo baridi nikanusa taratibu, pembe zote. Nikaenda hadi ukutani, pale ambapo mpira ungepita, nikanusa pia hapo.

"Hakuna, Mwalimu."

"Haya," akasema. "Washa."